Krismasi, Dhamiri na Bakuli la Pilau Lililorudi

Haya ni maneno niliyoyasema Masasi, Jumamosi moja ya mwanzo wa Desemba, katika mkutano wa vijana na wazee wa makanisa yetu. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na kwenu majirani zetu Waislamu mliokuja kutusikiliza, asalaam aleikum.

Waheshimiwa mapadri na wachungaji, makatekista, wainjilisti, wazee wangu, mama zangu, vijana, nashukuru kwa nafasi hii. Mimi si mchungaji. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na sasa ni mkulima wa korosho kama wengi wenu. Mada niliyopewa imeandikwa pale ubaoni: Je, Mkristo aadhimishe Krismasi? Kijana aliyeniletea barua ya mwaliko aliniambia, "Mwalimu, tunataka jibu moja tu, ndiyo au hapana, maana tunagombana." Basi msikae roho juu, langu nalitoa sasa hivi. Mimi naiadhimisha, na mwaka huu Mungu akinijalia uzima nitaiadhimisha. Ila jibu hilo ni la kwangu, nimelipata kwa njia yangu na kwa makosa yangu. Nikikugawia wewe uende nalo nyumbani kama unavyogawiwa mbegu ya mahindi, nitakuwa nimekudhulumu.

Niwaeleze kwa nini.

Tumezaliwa wanaume wawili kwa mama yetu. Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu alihamia kanisa lisiloadhimisha Krismasi. Hakutuficha, alituambia mapema, tena kwa adabu. Sisi hatukumchukulia kwa uzito, tukasema ni moto wa mwanzoni, utapoa. Ikafika tarehe 25. Mama akapika pilau, akajaza bakuli lake kubwa la bati lenye maua mekundu, akalifunika kwa kawa, akampa mwanangu wa pili apeleke kwa baba yake mdogo. Mtoto alikuwa na miaka 9. Alikwenda anakimbia, akarudi anatembea. Bakuli lilikuwa vilevile, kawa halijafunuliwa, mvuke umeloanisha ukili kwa ndani. Mama alilipokea, akaliweka juu ya meza, akasema, "Haya." Neno moja hilohilo. Mtoto akanigeukia: "Baba, baba mdogo ametuchukia?"

Nilichofanya ni hiki. Niliinuka na shati langu jipya la sikukuu, nikaenda mpaka kwa mdogo wangu, nikasimama mlangoni pake na kumtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto waliomo humu. Nilimwambia amemwaibisha mama. Nilimwambia dini yake mpya ni ya kiburi. Yeye alisema kitu kimoja tu: "Kaka, nikila leo nitakuwa namdanganya mama na namdanganya Mungu." Sikumsikia. Tulikaa miaka miwili hatusalimiani, na mashamba yetu yanapakana. Nilikuwa nimetoka ibadani kuimba amani duniani. Saa mbili hazikupita.

Sasa tuje kwenye hoja zenyewe, maana vijana mnarushiana maneno mengi kuhusu historia, na mengine mnayarusha bila kuyapima.

Kwanza, tarehe. Injili hazitaji siku wala mwezi aliozaliwa Bwana. Mathayo hasemi, Luka hasemi. Luka anasema walikuwako wachungaji "wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku." Tulipokuwa watoto kule Newala tuliposikia "makondeni" tuliamini kabisa kwamba wachungaji wale walikuwa wa huku kwetu Makondeni, na mpaka leo nikisoma mstari huo nauona uwanda wetu wenye ukungu wa alfajiri. Lakini mstari huo hautupi tarehe. Wakristo wa karne mbili za kwanza hawajatuachia kumbukumbu ya kuadhimisha siku hiyo. Clement wa Alexandria, mwalimu wa kanisa huko Misri, karibu na mwaka 200, anataja watu waliokuwa wakihesabu na kukisia siku ya kuzaliwa kwa Yesu, na tarehe anazozitaja hazina 25 Desemba ndani yake. Maandishi yanayoiweka siku hiyo tarehe 25 Desemba tunayaona Roma, katika kalenda ya mwaka 354, ambayo orodha yake inarudi nyuma hadi mwaka 336.

Hapo ndipo ndugu wasioadhimisha wanaposimama na kusema: mnaona? Tarehe hiyo ilikuwa ya jua. Ni kweli Kaisari Aureliani alilijengea hekalu Jua Lisiloshindwa huko Roma mwaka 274, na ni kweli kalenda hiyohiyo ya 354 inaitaja 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa kwa Asiyeshindwa. Msiwabeze wanaolisema hili, wana msingi. Lakini nao wasiliseme kama vile kesi imekwisha. Wapo wanahistoria wanaoonyesha njia nyingine: Wakristo wa kale walishika kwamba Bwana alisulubiwa tarehe 25 Machi, na wengine wakaamini kuwa ni siku hiyohiyo malaika alipomjia Mariamu. Kutoka 25 Machi hesabu miezi tisa, utaona unafika wapi. Njia zote mbili zinajadiliwa na watu wasomi hadi leo. Mtu akisimama mimbarani na kuapa kwamba Krismasi ni jua tupu, anaapa zaidi ya anachokijua. Na anayeapa kwamba Yesu alizaliwa 25 Desemba naye ni hivyohivyo. Waethiopia na Wakopti wa Misri wanaadhimisha tarehe 7 Januari kwa kalenda zetu hizi, Waarmenia tarehe 6 Januari, na hakuna kati yao aliyepungukiwa Kristo.

Tena msidhani kukataa Krismasi ni jambo la juzi au la kanisa moja. Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, yaani Waprotestanti wa msimamo mkali, liliifuta sikukuu hii mwaka 1647. Kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1659 walitunga sheria kwamba anayeadhimisha Krismasi alipe faini ya shilingi 5, wakaiondoa mwaka 1681. Uskoti haikuifanya kuwa siku ya mapumziko ya taifa mpaka 1958. Watu hao waliipenda Biblia kuliko wengi wetu humu. Waliipinga Krismasi kwa sababu hawakuiona imeamriwa, na kwa sababu waliona ulevi na kamari zimekaa mahali pa ibada. Nikiwasoma nawaelewa. Pale walipoifanya sheria na kutoza watu faini, hapo siwezi kwenda nao, na nadhani mtume Paulo naye asingekwenda.

Kuna neno "upagani" linalorushwa kama jiwe, na hapa Masasi ni lazima tuliseme kwa uangalifu kuliko watu wa kwingine, maana babu zetu walipigwa nalo. Askofu Edward Steere alipowaleta hapa watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar mwaka 1876, walikuta watu wenye jando na unyago wao. Wamisionari wengi walitaka vyote vifutwe. Lakini askofu wa kwanza wa Masasi, Vincent Lucas, aliyeanza uaskofu mwaka 1926, pamoja na mapadri wa Kiafrika waliokuwa wakiyajua mambo haya kwa ndani, walichukua njia ngumu zaidi. Walikaa wakaichambua jando: kutahiriwa kubaki, kufundwa adabu na utu uzima kubaki, matambiko yaondoke, sala na baraka viingie. Wazee kadhaa mliokaa safu hii ya mbele mmepitia jando ile. Je, mlikuwa mnaabudu mizimu? Kama sivyo, basi mnajua kwa miili yenu kwamba kitu kinaweza kutoka mahali fulani kisha kikamilikiwa na Bwana mwingine. Na mnajua pia kwamba walikuwapo wazazi Wakristo walioona hapana, mwanangu hatakwenda hata kwenye jando yenye sala, na walikuwa waamini wa kweli. Jambo hili hatuanzi leo. Mwezi wenyewe wa Januari una jina la Janus, mungu wa Warumi, na shule zikifunguliwa sote tunapeleka watoto.

Kwa upande wa Maandiko nitasema machache, maana wapo humu wanaonizidi. Ndugu wasioadhimisha hutaja Kumbukumbu la Torati 12, usiongeze wala usipunguze, na Wagalatia 4, ambapo Paulo analia: "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka." Ni maneno mazito, na aliye na dhamiri hai hayapiti hivihivi. Sisi tunaoadhimisha hutaja Yohana 10, pale Bwana mwenyewe alipokuwa hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku. Sikukuu hiyo haimo katika torati ya Musa. Ilianzishwa na Wayahudi wa siku za Wamakabayo, walipolitakasa hekalu lililokuwa limenajisiwa. Yesu hakuikemea. Alikuwa akitembea katika ukumbi wa Sulemani, na ilikuwa wakati wa baridi.

Mnaona kwamba kila upande una mstari. Ndiyo maana Warumi 14 imeandikwa. Isomeni kwa utulivu: "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Kwa miaka mingi niliusoma mstari huu kama ruhusa, kwamba kila mtu afanye apendavyo. Sivyo. Neno "athibitike" ni zito. Nyumba iliyothibitika imechimbiwa msingi. Paulo anakudai uchimbe. Umesoma? Umeomba? Umejua kwa nini unaiadhimisha siku hii, au unaiadhimisha kwa sababu mtaa mzima unanukia pilau? Na wewe usiyeiadhimisha, umechimba, au umekabidhiwa tu orodha ya vitu vya kukataa siku ulipobatizwa upya? Dhamiri ya kuazima haisimami. Mvua ya kwanza inaondoka nayo.

Nitawapa mfano wa dhamiri ya kuazima, na mfano ni mimi.

Ulikuwapo mwaka ambao malipo ya korosho yalichelewa. Zilikuwa zimekwenda ghalani, mnada umepita, tunasubiri. Desemba ikaingia, watoto wanne hawana nguo mpya, na mnajua aibu ya mtoto aliyevaa nguo ya mwaka jana asubuhi ya Krismasi. Nilikuwa na kilo kama 80 za mwishomwisho ambazo nilipaswa kuzipeleka chama cha ushirika. Nilizitoa kangomba, yaani kwa magendo nje ya ushirika, usiku, kwa mtu aliyekuja na baiskeli, kwa bei ya kutupa. Nikanunua jozi tatu za viatu, magauni mawili, suti ndogo moja, soda kreti moja. Asubuhi tulipendeza. Nilisimama kwenye kwaya, nikaimba sauti ya nne, na kila beti nilikuwa nahesabu: Januari ada, Januari madaftari, Januari mbolea. Ningeulizwa nimeiadhimisha siku hiyo kwa ajili ya nani, jibu la kweli lingekuwa kwa ajili ya macho ya majirani. Paulo anaimaliza sura hiyohiyo kwa kusema kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Krismasi yangu ile ilikuwa dhambi. Nimekaa na neno hilo na siliondoi. Mdogo wangu aliyekuwa shambani asubuhi ileile na jembe lake, nguo zimechanika, alikuwa karibu na Mungu kuliko mimi niliyekuwa nimenyoosha suruali.

Kwa hiyo, wachungaji wangu na mapadri, mniruhusu niwaombe jambo kwa unyenyekevu. Tukifika mwezi huu, tupunguze kusoma majina ya waliotoa na kiasi walichotoa mbele ya watu. Tusiwashurutishe wanakwaya wanunue kitenge cha sare ya Krismasi, kisha asiye nacho asiimbe. Mnamsukuma mtu aadhimishe kwa hofu, na kitu kinachofanywa kwa hofu ya watu hakipandi mbinguni. Na ulevi nao tuuseme kwa jina lake. Msimu wa mabibo ya korosho uraka, pombe yake, umejaa, na sikukuu ya Mtoto wa Bethlehemu inaishia kwa akina mama kufungiwa nje usiku. Asiyeadhimisha akitutazama siku hiyo, tumempa sababu gani ya kubadili mawazo?

Nanyi ndugu msioadhimisha, nawaheshimu na nasema kwa upendo. Msikiite chakula cha jirani chakula cha sanamu. Huyo mama aliyepika hajui Aureliani ni nani. Amempikia Yesu, na amekukumbuka wewe. Unaweza kukataa, ni haki yako, lakini kataa kwa mdomo wako, uso kwa uso, kabla hajawasha moto. Usimkatalie mtoto mlangoni. Na msihesabu kwamba kukaa nyumbani tarehe 25 kumewafanya watakatifu. Hata kutoadhimisha kunaweza kuwa sikukuu ya kujionyesha.

Hapa niweke neno kwa majirani zetu. Sisi tunaoishi pamoja nao Lindi, Mikindani, Mtwara mjini, tunajua kwamba nao wanalo jambo linalofanana na hili. Mfunguo Sita ukifika wengi wanasoma Maulidi, na wapo ndugu zao Waislamu wanaosema haikuamriwa. Wanabishana, wengine kwa ukali, wengine kwa upole. Sina haki ya kuingia katika hoja zao. Nimeona tu kwamba siku ya msiba wanabeba jeneza moja.

Kijana mmoja ameandika swali mapema, amenipa karatasi: baba yake haadhimishi, mama yake anaadhimisha, yeye afuate nani? Mwanangu, maadamu uko chini ya paa lao, usiwe ndimi mbili za kuwagombanisha. Omba ruhusa ya kwenda kanisani na mama yako, na ukirudi umsaidie baba kazi aliyokuwa anaifanya. Soma mwenyewe Warumi 14 na Wakolosai 2. Siku utakapokuwa na nyumba yako, utajibu kwa jina lako. Wala usiharakishe, dhamiri haikomai kwa mkutano mmoja kama huu.

Sijawamalizia habari ya mdogo wangu.

Aliyetupatanisha ni mama, na hakutumia mstari hata mmoja. Mwaka wa tatu, siku fulani ya Januari, Jumanne kama sikosei, siku isiyo na jina wala kengele, alipika pilau. Akajaza bakuli lilelile la maua mekundu, akalifunika kwa kawa lilelile, akambebesha mwanangu yuleyule pamoja na maneno: "Mwambie baba yako mdogo, leo ni leo tu." Mtoto alirudi na bakuli tupu, limeoshwa, ndani yake wameweka ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Mama aliniita jikoni, akanionyesha. "Unaona? Hakukataa chakula changu. Alikataa siku." Yeye hakusoma zaidi ya darasa la nne, na alikuwa ameelewa kile nilichoshindwa kukielewa mimi mwenye vyeti. Jioni ile nilivuka mpaka wa shamba nikaenda kumwomba mdogo wangu radhi. Aliniwekea kigoda kabla sijamaliza kusema.

Mwaka jana mvua ilianza vizuri kabla ya sikukuu, na shamba la mama lilikuwa halijapandwa. Tarehe 25 sisi tulikwenda ibadani. Tuliporudi, saa sita na kitu, jua kali, tulimkuta mdogo wangu anamalizia mstari wa mwisho wa mahindi, na mbaazi amekwisha kuzichomeka katikati. Hakuwa amekuja kwa ajili ya Krismasi. Alikuja kwa sababu ardhi ilikuwa imelowa. Mama alikuwa ameinjika sufuria mbili: moja pilau, na nyingine, ndogo, kisamvu cha nazi pamoja na ugali wa muhogo pembeni. Akatandika mkeka mmoja. Mdogo wangu alinawa, akaombea chakula chake, mimi nikaombea changu, watoto wakawa wanachota huku na huku. Alipotaka kuondoka mama alimfungia kisamvu kilichobaki awapelekee wanawe.